Route 66 jangwani, watu wawili na gari moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mimi na mume wangu turudi Marekani, maswali tunayoulizwa ni yale yale, na mengi yanaingia kwenye simu saa tano usiku. Nimeyakusanya hapa ili nami nilale. Yanahusu kipande kimoja tu cha barabara hiyo: kutoka Williams, Arizona, hadi Barstow, California, kwa njia ya zamani, karibu kilomita 570. Sisi tulikaa njiani siku nne. Kuna waliopita kwa siku moja na wakarudi wakisema hakuna cha kuona. Nawaamini.

## Kabla ya kuondoka

Route 66 ni nini hasa, na bado ipo?

Ilianzishwa tarehe 11 Novemba 1926 kuunganisha Chicago na Los Angeles, baadaye ikafikishwa ufukweni Santa Monica. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 3,900. Miaka ya 1930 familia za wakulima zilizoshindwa na ukame na vumbi huko Oklahoma na majimbo ya jirani ziliifuata kwenda California, magodoro yakiwa yamefungwa juu ya magari. Baada ya vita ikawa barabara ya watalii, na kila mji mdogo ukajenga moteli, mgahawa na bango la taa za neoni la kumvuta dereva aliyechoka.

Kisha zikajengwa barabara kuu mpya zinazopita kando ya miji. Williams ndio uliokuwa mji wa mwisho kurukwa, Oktoba 1984, na tarehe 27 Juni 1985 namba 66 ikafutwa rasmi. Kwa hiyo kwenye makaratasi haipo. Ukiwa pale utaiona: lami ya njia mbili, vibao vya "Historic Route 66", na ngao nyeupe iliyochorwa katikati ya barabara, ambapo watu hulala chali wapigwe picha. Msilale. Malori bado yanapita.

Kwa nini kipande hiki na si kingine?

Kwa sababu sehemu nyingine nyingi utalazimika kuingia na kutoka barabara kuu ya I-40 kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Magharibi mwa Arizona, kutoka karibu na Ash Fork hadi Mto Colorado, kuna takriban kilomita 250 za barabara ya zamani zisizokatika.

Sababu ya pili ni kwamba miji yenyewe ina mantiki yake. Kabla ya magari kulikuwa na reli, iliyofika huku mwaka 1883, na injini za mvuke zilihitaji vituo vya maji jangwani. Upande wa California vituo vikapewa majina kwa mpangilio wa alfabeti: Amboy, Bristol, Cadiz, Danby, Essex, Fenner, Goffs. Kabla ya reli, mwaka 1857, Edward Beale alipima njia ya mikokoteni karibu na mstari huu huu akiwa na ngamia walioletwa kwa majaribio ya jeshi. Ngamia Arizona! Mume wangu alilisimulia hilo kwa kila mhudumu wa mgahawa, wengi wao wakiwa wanalijua tangu shuleni.

Tupange siku ngapi?

Nne, na usiku tatu njiani. Sisi tulilala Seligman, Kingman na Needles, tukamalizia Barstow. Siku ndefu ni ya mwisho, ya jangwa la Mojave. Kwenye ramani umbali wa kila siku unaonekana mdogo kiasi cha kukufanya uone aibu. Kingman hadi Oatman, kwa mfano, ni kama kilomita 45 tu. Lakini zile ni kilomita za kona na punda.

Mkiwa na siku mbili tu, achaneni na kipande cha California, mwende Seligman hadi Oatman na kurudi.

Msimu gani unafaa?

Machi na Aprili, au Oktoba hadi katikati ya Novemba. Kiangazi mji wa Needles huvuka nyuzi 43 za Selsiasi siku baada ya siku, na usiku haupoi. Sisi tulifika mwishoni mwa Septemba, tukidhani kiangazi kimekwisha. Saa nne usiku nilishika kitasa cha mlango wa moteli nikakiachia upesi, kilikuwa bado na moto kama mpini wa sufuria.

Julai hadi Septemba pia ni msimu wa mvua za ghafla huko Arizona. Korongo kavu hugeuka mto kwa dakika chache, hata kama mvua imenyesha milima ya mbali na juu yenu ni jua tupu. Arizona ina sheria ambayo wenyeji huiita kwa utani sheria ya dereva mjinga: ukipita kizuizi ukaingia kwenye maji na ukalazimika kuokolewa, unaweza kudaiwa gharama za uokoaji.

Kumbukeni pia kwamba safari hii inashuka. Williams uko juu, zaidi ya mita 2,000, na huanguka theluji. Needles uko chini, kama mita 150. Asubuhi ya kwanza nilivaa koti, siku ya tatu nililifanya mto wa kulalia.

## Gari na barabara

Tunahitaji gari kubwa la milimani?

Hapana. Njia yote niliyoitaja ina lami, ingawa kwingine imechakaa na ina viraka. Gari dogo linatosha, mradi kiyoyozi kinafanya kazi na tairi la akiba lipo kweli. Fungueni buti mkalione kabla hamjaondoka, maana magari mengi ya siku hizi huwekewa kopo la dawa ya kuziba pancha badala ya tairi.

Someni pia mkataba. Kuchukua gari mji mmoja na kuliacha mji mwingine huwa na ada yake. Kampuni tuliyoitumia sisi iliitaja ada hiyo kwa maandishi madogo ukurasa wa tatu, nasi tukaiona vizuri kwenye risiti ya mwisho.

Wote wawili tunaweza kuendesha?

Ndiyo, lakini majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba, la sivyo bima inaweza kuwaruka siku mnayoihitaji. Ulizeni kama mke au mume anaongezwa bure, kwani kampuni nyingi hufanya hivyo na nyingine hutoza kwa siku. Dereva aliye chini ya miaka 25 kwa kawaida huongezewa malipo. Leseni ya nyumbani ibebwe pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha.

Tumezoea kuendesha upande wa kushoto. Kuna shida?

Kwenye barabara yenyewe hakuna, unafuata mstari. Shida iko unapotoka kituo cha mafuta asubuhi, barabara ni tupu, na mkono wa mazoea unakupeleka kushoto. Tulikubaliana kwamba asiyeendesha anasema "kulia" kila tunapoingia barabarani. Inachosha, na ilituokoa mara moja pale Hackberry.

Mengine mawili. Taa nyekundu ikiwaka, majimbo yote mawili yanakuruhusu kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kimekataza. Na basi la shule la manjano likisimama likiwasha taa nyekundu, kwenye barabara ya njia mbili magari ya pande zote husimama.

Mafuta tuyajaze wapi?

Jazeni Kingman hadi juu. California mafuta ni ghali kuliko Arizona, na vituo vya jangwani katikati ya Needles na Ludlow hutoza bei inayojua kwamba huna pa kwenda. Kanuni yetu ilikuwa nusu tangi: mshale ukifika hapo, kituo kinachofuata tunasimama, bei iwe iwayo.

Kwa hesabu: mafuta huuzwa kwa galoni, na galoni moja ni karibu lita 3.8. Gari dogo linalokwenda maili 30 kwa galoni litatumia kama galoni 12 kwa njia yote, yaani lita 45 na ushei. Ongezeni ya kupotea.

Ni kweli kona za kwenda Oatman zinatisha?

Zinatisha kiasi. Ukitoka Kingman unavuka bonde tambarare, unapita kituo cha zamani cha Cool Springs kilichojengwa kwa mawe, halafu barabara inaanza kupanda kujikunja hadi Sitgreaves Pass, kama mita 1,080 juu ya bahari. Sehemu nyingi hazina kingo. Ukichungulia chini unaweza kuona mabati ya magari yaliyoshindwa kona zamani. Magari yenye urefu wa zaidi ya futi 40 hayaruhusiwi kabisa.

Zamani, inasemekana, kulikuwa na wasafiri waliowalipa wenyeji wawaendeshee magari hadi ng'ambo ya mlima. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Mume wangu, mtu wa maneno mengi, alishika chupa yake ya soda kwa mikono miwili na hakuinywa hadi tulipofika chini.

Pandeni asubuhi, gia ya chini wakati wa kushuka, na mkiona foleni nyuma yenu egesheni kando muwapishe.

Tumesikia barabara imefungwa upande wa California. Tutapitaje?

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo sisi tulipogombana (ugomvi wenyewe uko kwenye sehemu ya mwisho). Kati ya Essex na Amboy barabara ya zamani inavuka makorongo kwa madaraja mengi madogo ya mbao, mengi yao ya miaka ya 1930. Mafuriko ya miaka ya karibuni yaliyabomoa au kuyadhoofisha, na vipande vimekuwa vikifungwa kwa muda mrefu. Kabla ya kuondoka Needles angalieni matangazo ya barabara ya kaunti ya San Bernardino, kwa sababu ramani ya simu haijui kila kizuizi.

Mkikuta pamefungwa, rudini I-40, mwende magharibi hadi njia ya kutokea ya Kelbaker Road, mkate kusini. Mtaikuta 66 tena, na Amboy iko kulia, karibu. Mnakosa Danby na Chambless, hamkosi safari.

Gari likiharibika ambako simu haishiki?

Kaeni na gari. Linaonekana kwa mbali, nyinyi hamwonekani, na kivuli chake ndicho pekee kilichopo. Tulibeba lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, ramani zilizopakuliwa kwenye simu, na ramani moja ya karatasi. Namba ya dharura ni 911. Magari hupita, hata kama ni moja kwa nusu saa, na watu wa jangwani wana tabia ya kusimama.

## Miji

Seligman kuna nini zaidi ya maduka ya zawadi?

Kuna kisa cha kinyozi. Tarehe 22 Septemba 1978 I-40 ilifunguliwa kando ya Seligman, na magari yakakauka mchana ule ule. Angel Delgadillo, kinyozi wa pale aliyezaliwa 1927, aliona mji unakufa kupitia dirisha la duka lake. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuihifadhi Route 66 ya Arizona na kulishawishi jimbo liitambue kuwa barabara ya kihistoria. Mabango yale ya kihistoria mnayoyafuata yametokana na harakati za aina hiyo. Ndugu yake Juan alijenga mgahawa wa Snow Cap mwaka 1953, kwa mbao chakavu za reli kwa sehemu kubwa, na alikuwa na mizaha: mlango wenye vitasa viwili, kimoja cha uongo. Juan alifariki 2004, vitasa vipo.

Maduka ya zawadi, ndiyo, ni mengi. Nunueni kitu. Ndiyo kazi iliyobaki.

Peach Springs na Valentine tupite tu?

Peach Springs ni makao makuu ya taifa la Wahualapai, na ardhi ile ni yao. Usimpige mtu picha bila kumwomba, wala usiingie barabara za vumbi bila kibali. Kibali hicho kinauzwa pale pale mjini, na kwa anayependa kuna barabara ya Diamond Creek inayoshuka hadi mto wenyewe chini ya Grand Canyon. Hiyo inataka gari la juu na siku isiyo na mvua.

Valentine ni nyumba chache tu. Wapenzi husimama kwa ajili ya jina. Jina lenyewe ni la Robert Valentine, ofisa wa serikali aliyesimamia masuala ya Wahindi wekundu mwanzoni mwa karne ya 20, na mapenzi hayahusiki. Tulisimama hata hivyo.

Punda wa Oatman wanauma?

Wanaweza, na wanapiga mateke. Ni vizazi vya punda wa wachimbaji dhahabu walioachiwa migodi ilipofungwa, na kwa sheria ya mwaka 1971 wanalindwa kama wanyama wa porini. Asubuhi wanashuka mlimani kuja kuomba, jioni wanarudi. Walisheni majani makavu yanayouzwa kwa ajili yao, si mkate wala karoti, na watoto wao msiwalishe kabisa; wengine hubandikwa stika usoni ya kukumbusha hilo.

Fungeni vioo. Sisi tuliacha nusu. Punda mmoja wa kijivu alilamba kwanza kioo cha pembeni, taratibu, kama anayefuta vumbi, kisha akaingiza kichwa chote na kuchukua risiti ya moteli kwenye dashibodi. Aliitafuna akimtazama mume wangu machoni.

Amboy ni mji wa watu wangapi?

Wachache mno kuhesabu. Kuna kituo cha mafuta cha Roy's, kilichoanza 1938, na bango lake refu la mwaka 1959 linaloonekana kabla hujaona kitu kingine. I-40 ilipofunguliwa kaskazini mwake mwaka 1973, biashara ikafa. Mwaka 2005 mji mzima ulinunuliwa na Albert Okura, mfanyabiashara wa mikahawa ya kuku, aliyeanza kuufufua. Kusini magharibi kuna Amboy Crater, kilima cha volkano cha kama mita 75. Kupanda ni kwa miezi ya baridi na asubuhi tu. Kuna watu waliopoteza maisha kwa joto kwenye njia ile, na ukitazama kutoka maegesho inaonekana kama matembezi ya dakika kumi.

Bagdad, jirani yake, haupo tena. Uliwahi kukaa siku 767 bila tone la mvua, kuanzia Oktoba 1912 hadi Novemba 1914.

## Mambo ya nyinyi wawili, na yale ya pembeni

Mligombana?

Mara moja vizuri. Karibu na Essex, saa saba mchana, mbele ya kizuizi. Yeye alisema nafasi ya kupita ipo, mimi nikasema kibao hakikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Tulikuwa hatujala tangu saa kumi na mbili asubuhi. Tuligeuza gari kimya, na kimya hicho kilidumu hadi Ludlow, tulipoagiza viazi vya kukaanga sahani moja.

Tangu hapo nawashauri watu mambo mawili ya kizamani kabisa: kuleni kabla ya saa sita, na kila mmoja achague vituo viwili kwa siku ambavyo mwenzake haruhusiwi kuvipinga. Kile cha kwake kilikuwa makumbusho ya reli. Nilikaa saa mbili.

Sisi ni weusi. Tutakuwa salama?

Zamani swali hili lilikuwa na kitabu chake. Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapa mwongozo wa hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambavyo vingempokea msafiri mweusi, kwa sababu miji mingi kando ya 66 haikumtaka jua likizama. Mnapoona picha za zamani za familia zenye furaha kando ya neoni, angalieni nani hayumo.

Sisi hatukupata bughudha. Tulikaziwa macho mara moja mgahawani Kingman. Baadaye yule mzee akauliza tumetoka wapi, akahamia kwenye habari za punda. Polisi wakiwasimamisha, bakini ndani ya gari, mikono juu ya usukani, na msichukue leseni mpaka mwombwe.

Saa hubadilika tukivuka Mto Colorado?

Inategemea mwezi. Arizona haisogezi saa, California husogeza. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba saa ni ile ile pande zote. Miezi mingine Arizona iko mbele kwa saa moja. Kwa aliyeweka miadi Needles, hilo ni jambo.

Tunaweza kuvuka na matunda?

Kuna kituo cha ukaguzi wa kilimo mkiingia California kwa I-40. Mtaulizwa mmebeba nini, na machungwa yanaweza kuchukuliwa. Yaleni kabla ya daraja.

Tunaweza kufunga ndoa njiani?

Mtashangaa ni wangapi wanauliza. Nyota wa filamu Clark Gable na Carole Lombard walifunga ndoa Kingman tarehe 29 Machi 1939, wakiwakwepa waandishi wa Hollywood. Oatman watawaambia kwamba usiku wa fungate walilala kwenye hoteli yao. Ni hadithi ya kuisikiliza ukiwa na kinywaji, si ya kuapia.

Jibu lenyewe: ndiyo. Arizona haihitaji muwe wakazi wala haina siku za kusubiri. Mnakwenda wote wawili na vitambulisho kwa karani wa mahakama ya kaunti pale Kingman, mnalipia leseni, mnatafuta mfungishaji anayetambulika na mashahidi wawili waliotimiza miaka 18. Pangeni tu mfike katikati ya wiki, maana ofisi za serikali hufungwa Jumamosi na Jumapili, na punda hawakubaliki kuwa mashahidi.